Operesheni ya ligamenti za kifundo cha mkono: ushahidi wake una uzito gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi, na karibu kazi yangu yote ni mikono. Wengi wanaokuja walianguka na bodaboda, waliteleza bafuni, au waliangukia kiganja wakicheza mpira. Baadhi yao wamekwisha kuambiwa wafanyiwe operesheni, na wanataka kujua kama jambo lenyewe limethibitishwa au ni mazoea tu. Maswali yao nimeyakusanya hapa. Ukurasa huu haumwondoi daktari wako: yeye ameushika mkono wako, mimi sijauona.

Kwa kifupi: operesheni inasaidia au haisaidii?

Wengi waliopasuliwa husema wanaumia kidogo kuliko zamani. Hilo limeandikwa mara nyingi na sina sababu ya kulibishia. Kinachokosekana ni upande wa pili wa mizani: watu haohao wangekuwaje bila kupasuliwa? Kwa ligamenti za kifundo cha mkono, tafiti zilizopima pande zote mbili kwa haki ni haba mno. Kwa hiyo anayekuambia "inafanya kazi, imethibitishwa" amevuka mpaka, na anayekuambia "haina maana" amevuka mpaka uleule akielekea upande mwingine. Ushahidi dhaifu haumaanishi tiba mbovu. Watu huyachanganya haya kila siku, nasi wahudumu wa afya tukiwemo.

Tunazungumzia ligamenti zipi?

Kifundo kina mifupa midogo 8 iliyopangwa kwa safu mbili, na ligamenti ndizo kamba zinazoifunga isiachane. Inayoleta kesi nyingi ni ile iliyo kati ya mifupa miwili iitwayo skafoidi na lunati, katika safu iliyo karibu na kigasha. Ina umbo kama herufi C, na sehemu yake ya upande wa mgongo wa mkono ndiyo imara zaidi. Nyingine ni ule mto wa gegedu na ligamenti ulio upande wa kidole cha mwisho, ambao madaktari huuita TFCC. Mengi yaliyo hapa chini yanahusu ile ya kwanza.

Daktari alisema "tafiti zinaonyesha". Ni tafiti za namna gani?

Mara nyingi ni hivi. Daktari bingwa katika hospitali moja anafungua mafaili ya wagonjwa aliowapasua mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, anawaita wapimwe, anaandika alichokuta. Kundi la kulinganisha halipo. Majarida ya mifupa hupanga ushahidi kwa ngazi, ya 1 ikiwa juu kabisa na ya 5 ikiwa ni maoni ya wataalamu. Tafiti za namna hii hukaa ngazi ya 4.

Chukua mbinu moja maarufu. Mwaka 1995 Brunelli wa Italia alieleza jinsi ya kuchukua kipande cha kano ya msuli unaokunja kifundo, kukipitisha katika tundu lililotobolewa ndani ya skafoidi, na kukivuta hadi upande wa nyuma kishike kazi ya ligamenti iliyokatika. Wengine wakairekebisha, na mwaka 2006 Marc Garcia-Elias wa Barcelona na wenzake wakachapisha matokeo ya wagonjwa 38. Ni kazi safi, na madaktari wa mikono duniani kote wameifuata. Lakini hao 38 wangejaa matatu moja ya viti 33, watano wasimame. Mambo mengi unayoambiwa kuhusu kifundo chako yametoka katika matatu za namna hiyo, kila moja na dereva wake.

Mbinu zenyewe ni nyingi. Kuna kushona ligamenti ingali mbichi, kuna kukaza kapsuli, yaani mfuko unaokizunguka kiungo, kama alivyoeleza Blatt mwaka 1987, kuna skrubu, na siku hizi kuna nyuzi imara za kutengenezwa kiwandani. Mimi wingi huu unanipa wasiwasi kidogo. Mbinu moja inapozishinda nyingine waziwazi, hizo nyingine hufa zenyewe. Hapa hazijafa, na matokeo yake yanafanana: maumivu yanapungua, nguvu ya kushika inarudi kwa sehemu, na kifundo hakikunjiki tena kama zamani.

Lakini waliopasuliwa walipata nafuu. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi, ila mwepesi. Mfikirie mama anayeuza chapati Kawangware. Mkono umemsumbua mwaka mzima, leo nafuu, kesho balaa. Anaenda hospitali lini? Wiki ile maumivu yako kileleni, ameshindwa hata kushika kifimbo cha kusukumia. Maumivu yaliyofika kileleni mara nyingi hushuka yenyewe, hata asipoguswa na mtu.

Sasa anapasuliwa. Mkono unafungwa plasta, mara nyingi na vyuma vyembamba ndani, wiki nane hivi. Kisha anakuja kwangu miezi mitatu. Muda wote huo hakandi unga; dada yake amechukua jiko. Mwezi wa saba namuuliza anaendeleaje, anasema, "Afadhali sana, daktari." (Mimi si daktari, nimechoka kumsahihisha.) Je, aliyemponya ni kisu, plasta, mapumziko, mazoezi, dada yake, au muda? Utafiti usio na kundi la kulinganisha unakipa kisu sifa zote.

Halafu kuna wasiorudi. Kijana mmoja wa Kitengela nilikutana naye miaka miwili baada ya operesheni yake, mkono bado unamuuma. Hospitali aliyopasuliwa hakurudi tena kwa sababu ya nauli, na kwa sababu alikata tamaa. Katika mafaili yao, kimya chake kinasomeka kama nafuu. Waliopotea katika ufuatiliaji si lazima wafanane na waliorudi, na katika kundi la watu 30, kuwapoteza 8 kunaweza kugeuza hadithi yote.

Nimesoma utafiti wa wagonjwa 20, na hakuna hata mmoja aliyepata madhara makubwa. Si salama basi?

Kuna hesabu ndogo ya kukusaidia: gawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa. Sifuri kati ya 20 bado inaweza kuficha madhara yanayompata mtu 1 kati ya 7 hivi, maana 3 kwa 20 ni asilimia 15. Ili sifuri ikuhakikishie kwamba madhara hayazidi asilimia 1, unahitaji wagonjwa wapatao 300.

Nimeambiwa nisipopasuliwa, kifundo kitasagika. Ni kweli?

Hoja hiyo ina msingi. Mwaka 1984 Watson na Ballet wa Marekani walipitia picha za eksirei za vifundo na kuonyesha kwamba usagikaji mwingi hufuata njia ileile, ukianzia pale skafoidi inapokutana na mfupa wa kigasha wa upande wa gumba. Ligamenti ikikatika, skafoidi hulala vibaya, gegedu huliwa. Kimantiki inaeleweka.

Ila angalia walioangaliwa ni akina nani. Ukiingia wodi ya mifupa ya hospitali yoyote kubwa hapa mjini ukahesabu abiria wa bodaboda, utakuta wote wamevunjika. Ungetoka hapo na kusema kila anayepanda boda huvunjika? Wale waliofika nyumbani salama Umoja na Pipeline hukuwahesabu. Picha za waliosagika zinakueleza usagikaji hupita njia gani. Hazikuelezi ni wangapi kati ya waliochanika ligamenti wataishia huko, wala baada ya miaka mingapi.

Utafiti mmoja mdogo wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata watu 11 ambao ligamenti hii ilionekana kwa kamera ndogo iliyoingizwa ndani ya kifundo kuwa imeumia na hawakufanyiwa matengenezo. Baada ya wastani wa miaka 7, wengi bado waliumia, lakini usagikaji wa namna ile haukuonekana. Watu 11 ni haba kuliko 38, kwa hiyo sikuupi kama kinga. Nakuonyesha tu kwamba "lazima kitasagika" ni kauli nzito kuliko kinachoibeba.

Jambo la pili husemwa mara chache zaidi. Hata tukikubali kwamba usagikaji unakuja, hakuna jaribio lililoonyesha kwamba operesheni inauzuia. Ligamenti ikikatika, skafoidi na lunati huachana na kuacha pengo; pengo lililofungwa kwenye meza ya upasuaji mara nyingi hufunguka tena taratibu kadiri miaka inavyopita. Na wapo ambao pengo limerudi na mkono hauumi.

Picha inaonyesha pengo, au "imechanika". Sasa si mambo yako wazi?

Hapa nitajitolea mfano. Miaka kadhaa iliyopita niliteleza nikishuka matatu pale Odeon, mvua ya Aprili, nikaangukia mkono wa kulia. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, daktari kijana aliiweka eksirei kwenye taa na kunionyesha kwa kalamu: pengo kati ya skafoidi na lunati, zaidi ya milimita 3. Akasema tusichelewe, wiki ijayo kuna nafasi.

Pengo hilo lina jina. Wameliita kwa jina la Terry-Thomas, mchekeshaji wa Uingereza aliyekuwa na mwanya mpana katikati ya meno ya mbele. Huko kwao ni dalili ya ugonjwa. Huku kwetu mwanya ni urembo, na nilipokuwa nimekaa pale nikiwa na maumivu nilicheka. Kisha nikamwomba apige picha mkono wa kushoto pia, ngumi ikiwa imekazwa, kama wa kulia. Alisita, akakubali. Pengo la kushoto lilikuwa sawasawa na la kulia. Nilizaliwa na mwanya kwenye vifundo vyote viwili. Kilichoumia kilikuwa kingine, na kilitulia ndani ya wiki kumi kwa splinti na mazoezi.

Simlaumu sana, alifundishwa kutazama upande unaouma. Lakini wewe ukiwa na pengo, uliza la upande wa pili.

MRI nayo ina mipaka: inaweza kuikosa ligamenti iliyochanika, na inaweza kuonyesha mchaniko usiokuhusu. Kwa ule mto wa TFCC, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kasoro kwa asilimia 27 ya watu walio chini ya miaka 30, na asilimia 49 ya wenye miaka 70 na zaidi, wenye maumivu na wasio nayo wakihesabiwa pamoja. Ukiwa na miaka 60 na TFCC iliyochanika kwenye picha, huenda ilichanika kabla ya kitu chochote kukuuma. Kamera ndogo inayoingizwa ndani ya kifundo huona vizuri zaidi, na ndiyo kipimo ambacho vingine hulinganishwa nacho, ila hiyo nayo ni kupasuliwa, japo kidogo.

Kuwagawa watu kwa bahati nasibu, hawa wapasuliwe, hawa wasipasuliwe, si ukatili?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ninaielewa hasira hiyo. Jibu langu liko Kilifi.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa na homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika aliwekewa maji mengi ya mshipani haraka haraka. Kila aliyefanya hivyo alikuwa na hakika, na alikuwa na watoto waliopona mbele ya macho yake. Kathryn Maitland na wenzake, wakiwa na makao Kilifi, wakalipima jambo hilo kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Ndani ya saa 48, waliopewa maji kwa kasi walikufa kama 10.5 kati ya kila 100. Wasiopewa, 7.3. Uzoefu wa madaktari wazuri, wenye huruma, ulikuwa umeficha hilo mpaka watu wakahesabu.

Na upasuaji unapimika. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walichukua watu 146 wenye mchaniko wa uzee katika gegedu la goti. Nusu wakapasuliwa kweli. Nusu wakaingizwa kamera, vyombo vikachezewa ili sauti zifanane, pasipo kukatwa kitu. Baada ya miezi 12 nafuu ilikuwa sawa. Karibu zaidi na mada yetu, mwaka 2020 Waingereza walichapisha jaribio la watu wazima 439 katika hospitali 31, wote wakiwa wamevunjika skafoidi bila kuachana sana: skrubu au plasta? Baada ya wiki 52 skrubu haikuonyesha faida, mradi wale ambao mfupa haukuunga walishughulikiwa mapema. Ni kifundo hichohicho, mfupa uleule ambao ligamenti yetu inaushika.

Basi mbona jaribio kama hayo halijafanywa kwa ligamenti?

Wagonjwa ni wachache na huja wakiwa wamechelewa kwa viwango tofauti, kila daktari ana mbinu anayoiamini, na usagikaji unataka miaka kumi ya kumfuata mtu anayehama nyumba na kubadilisha laini ya simu. Pia hakuna kampuni yenye haraka ya kulipia jaribio linaloweza kuonyesha kwamba skrubu yake haihitajiki.

Na fiziotherapia yenu je, imethibitishwa?

Nilikuwa nalisubiri hilo. Hapana, si zaidi. Tunawapa watu mazoezi ya kuimarisha misuli fulani ya kigasha na kuiepuka mingine, na mwendo wa kifundo unaofanana na kurusha kishale. Mengi ya hayo yametoka maabara, kwa mikono ya maiti iliyovutwa kano ili kuona skafoidi inageukia wapi, na katika makundi madogo ya wagonjwa. Ukilinganisha, mazoezi yana gharama ndogo na ukiyaacha mkono unabaki ulivyokuwa, ila hiyo ni hoja ya hatari na pesa. Ushahidi wa nafuu haujaongezeka hata chembe. Na kumbuka nani anayekuambia haya: mimi naishi kwa mazoezi, daktari anaishi kwa kisu.

Nimeona "alama za PRWE" kwenye ripoti. Ni nini?

Ni maswali 15 yaliyotungwa na Joy MacDermid wa Kanada mwaka 1998, jumla kutoka 0 hadi 100, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Utaulizwa kuhusu maumivu, kisha kama unaweza kuzungusha kitasa cha mlango, kukata nyama, kufunga vifungo vya shati, kujisukuma kutoka kwenye kiti, kubeba mzigo wa kilo 4.5 hivi, na kutumia karatasi ya choo. Tofauti ya alama mbili tatu ni upepo. Mgonjwa huanza kuihisi ikipita 10 hivi. Kwa hiyo utafiti ukisema "tofauti ilikuwa ya maana kitakwimu", uliza ni alama ngapi.

Ni kipimo kizuri, tena bora kuliko kupima pengo kwa rula. Ila hakuna swali la kusonga ugali wa watu sita, kukamua blanketi, wala kushika usukani wa boda kwenye njia ya mawe. Fundi wa mjengo anaweza kupata alama nzuri na bado asiweze kuinua ndoo ya zege. Tafiti nyingi ni za Ulaya na Marekani, na kazi za mikono ya kule si lazima ziwe zako.

Kuna wakati sipaswi kusubiri ushahidi wowote?

Upo. Umeanguka kwa nguvu, kifundo kimevimba na kubadilika umbo, vidole vya gumba, shahada na kati vinakufa ganzi: hiyo inaweza kuwa mifupa iliyoteguka kuizunguka lunati na kubana neva. Nenda hospitali usiku huohuo. Katika mkusanyo mkubwa wa kesi uliochapishwa mwaka 1993, robo ya majeraha haya hayakugunduliwa mwanzoni, kwa hiyo ukirudishwa na dawa za maumivu na ganzi haiishi, rudi tena.

Ligamenti iliyokatika kabisa hivi karibuni ni suala la kati. Madaktari wengi hupenda kuishona ndani ya wiki sita hivi, ingali na nyama ya kushonwa. Ushahidi ni uleule wa ngazi ya 4, lakini dirisha likifungwa halifunguki. Ningekuwa mimi, ningesikiliza ushauri huo kwa makini kuliko ule wa kupasua mchaniko wa miaka mitatu.

Nimuulizeje daktari bila kumkosea heshima?

Usianze na "nimesoma mtandaoni". Anza na mkono wako. "Daktari, ungekuwa umewaona watu kumi kama mimi ambao hawakupasuliwa, wangekuwaje baada ya miaka miwili?" Kisha: "Wewe mwenyewe umefanya operesheni hii mara ngapi, na wangapi wamerudi?" Na: "Nikisubiri miezi mitatu na mazoezi, nitapoteza nini?" Daktari mzuri atatabasamu kwa swali la kwanza, kwa kuwa anajua ni gumu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa njia zote za tiba, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa. Huombi hisani.

SHA, bima ya afya ya serikali, italipa?

Uliza dawati lao hapo hospitalini kabla ya kupangiwa tarehe, na upewe jibu kwa maandishi.

Naweza kusoma tafiti mwenyewe?

Muhtasari wa nyingi uko bure PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba. Ruka hitimisho, nenda kwenye idadi: walianza wangapi, wakapimwa wangapi mwishoni, walilinganishwa na nani. Dakika mbili zinatosha.

Na mkono wako wewe, ulikuwaje?

Mzuri. Julai, baridi ikiingia, unauma kidogo asubuhi, na mtungi wa mafuta ya kupikia bado naufungua kwa mkono wa kushoto. Wagonjwa wakinitumia kama ushahidi kwamba operesheni haihitajiki, nawakumbusha kwamba mimi ni mtu mmoja, sina kundi la kulinganisha, na ligamenti yangu haikuwa imekatika.